Barafu ya Saa Moja na Nusu

Kikokotoo cha masafa ni rafiki mwema kwa mtu asiyesafiri. Unakiandikia Mwanza, unakiandikia Mtwara, nacho bila kuuliza nauli wala mzigo kinajibu: kilomita kama 1,190 kwa mstari ulionyooka, saa moja na nusu angani. Hesabu si ya uongo. Kinachukua mwendo wa jeti, kilomita 800 hivi kwa saa, kinagawanya, basi. Ila ndege yenyewe ya kunyoosha hivyo sikuipata. Nilipitia Dar es Salaam, kama wenzangu wote.

Watanzania tulipaswa kuwa tumeshajifunza kuhusu vikokotoo, waulize wastaafu kuhusu kile cha mafao yao. Lakini shemeji yangu wa Mwanza hajastaafu bado. Mdogo wangu alikuwa anaoa Mtwara, shemeji akaamua nipeleke sato. Samaki, Mtwara, mji uliokaa juu ya Bahari ya Hindi! Nilipomhoji akanijibu kwamba samaki wa baharini ana chumvi, wa ziwani ana heshima. Akatoa simu, akakokotoa, akajaza deli barafu ya saa moja na nusu, akaongeza kidogo "ya foleni". Zaidi ya hapo, alisema, tutakuwa tunalipia uzito wa maji.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba Dar haiko nje ya njia. Mwanza hadi Dar ni kama kilomita 850, Dar hadi Mtwara kama 400. Jumla 1,250. Mchepuko wote ni kilomita 60 hivi, ambazo hata ndege ya pangaboi inazimaliza kwa dakika sita. Umbali hauna kosa lolote. Kosa liko kwenye viti vya chuma vya kusubiria, na hivyo hakuna kikokotoo kinachovihesabu.

Tiketi zilikuwa mbili, za mashirika mawili yasiyosalimiana, kwa hiyo Dar nililichukua deli langu nikaketi nalo. Kipaza sauti kikatuomba radhi. Sababu za kiufundi. Baadaye kikatuomba radhi tena, safari hii bila sababu. Deli likaanza kutoa jasho, kisha likaacha adabu kabisa, likachuruzika hadi chini ya viti vya mbele. Dada mmoja akahamisha begi lake, halafu akajihamisha mwenyewe. Mfanya usafi akaja na dekio, akaniangalia, akapiga deki huku akiguna. Aliyebaki karibu ni mzee mmoja tu, aliyevuta pumzi kwa uchungu wa mtu aliye mbali na kwao.

"Mwanangu, huyo ni sato."

"Ndiye, mzee."

"Basi mwonee huruma."

Hapo hapo simu ikaita. Shemeji. "Umefika salama? Hapa naona ulishafika."

Tulipotangaziwa kwamba ndege ni kesho asubuhi, nilitoka nje na deli langu, mzee akinifuata kama mkaguzi. Tukampata mama ntilie mwenye mafuta ya moto na moyo mkubwa. Sato wa harusi wakaliwa usiku ule na abiria wa Mtwara, akiwemo yule dada, ambaye aliomba ndimu.

Mtwara nilishuka na deli lililooshwa vizuri. Nikapitia sokoni, nikalijaza changu, nikafika nyumbani kwa vigelegele. Wageni walikula wakasifia ziwa. Mjomba peke yake, mvuvi wa miaka mingi, aligeuza kipande chake, akaninong'oneza: "Hivi sato wenu siku hizi wanaogelea hadi huku?"

Shemeji hajui. Mwezi ujao ana shughuli yake mwenyewe, anatoka Bukoba kwenda Songea. Amenipigia akifurahi kwamba ni kilomita kama 1,100 tu. Sikutaka kumkatisha tamaa kwa kumwambia kwamba akipitia Dar zinakaribia 1,600, achilia mbali viti vya chuma. Nimemshauri tu abebe senene wa kukaanga.