Nani Amekula Bando la Mayu?

Jumatatu
Mayu mmoja, yaani mama kwa Kisukuma, wa hapa Maganzo amefika asubuhi kwenye kibanda changu cha ufundi simu akiwa amemshika mjukuu wake mkono. "Mwangaluka, fundi. Huyu mtoto ananimalizia bando. Naweka la wiki, kesho yake meseji inaingia kwamba limekwisha." Mtoto alikuwa ameshalia njiani.

Nilifungua orodha ya matumizi ya data. Juu kabisa ilikaa programu ya tochi. Katuni za mtoto zilikuwa chini, hazifiki hata robo yake. Tochi haihitaji intaneti. Hii ilikuwa imepewa ruhusa ya kujua mayu yuko wapi, kusoma meseji na kuona namba zote alizohifadhi, na ilikula data hata kioo kikiwa kimezimwa. Nimeifuta, nikamwonyesha tochi iliyokuja na simu. Mayu akamwomba mjukuu radhi kwa Kisukuma, mbele ya wateja wote.

Wizi wa namna hii una historia. Februari 2019 kampuni ya Oracle ilifichua mtandao ulioitwa DrainerBot. Ulijificha ndani ya programu zilizokuwa zimepakuliwa zaidi ya mara milioni 10, ukicheza video za matangazo ambazo hazionekani kwenye kioo. Simu moja iliweza kupoteza zaidi ya GB 10 kwa mwezi. Mwenye tangazo analipia mtazamaji ambaye hayupo, na mwenye simu analipia bando la kuionyesha video hiyo gizani. Wameibiwa wawili kwa mkono mmoja, wala hawajuani. Yule wa kwanza ana wakaguzi wa hesabu. Mayu alikuwa na mjukuu wa kumlaumu.

Jumanne
Bodaboda na abiria wake wameletana hapa wakibishana. Abiria alikuwa akilipa nauli kwa simu. Alipofika kwenye namba ya siri, tangazo likafunika kioo chote, kidole kikaangukia tangazo, menyu ikachelewa na muamala ukakatika. Yeye anaamini amelipa. Dereva hajaona kitu. Tumeangalia salio: pesa haijatoka. Amelipa upya, wakaachana kwa amani.

Tangazo lilitoka kwenye programu ya "kusafisha simu", ambayo hata hakuwa ameifungua. Februari 2020 Google iliondoa karibu programu 600 kwenye Play Store kwa matangazo ya kuvamia kioo namna hiyo. Zilikuwa dukani waziwazi hadi siku ile, na watu walizipakua kwa sababu zilikuwa dukani.

Jumatano
Kijana anayekaa kwenye benchi langu hupata kamisheni kwa kila mtu anayemwelekeza kupakua programu fulani. Leo amepata hesabu yake, na baadhi ya watu aliowasaidia hapahapa hawamo. Wenye programu wamemjibu kwamba watu hao waliletwa na tangazo la mtandaoni. Hakuna tangazo lililowaleta. Mmoja wao aliletwa na baiskeli yangu.

Nimemweleza hila inayojulikana kwa wakubwa wa kazi hii. Programu iliyomo ndani ya simu inachungulia. Ikiona unapakua programu mpya, inatuma haraka taarifa ya uongo kwamba ulibonyeza tangazo lake, kisha inadai malipo. Novemba 2018 kampuni ya uchunguzi ya Kochava ilizitaja programu saba za kampuni ya Cheetah Mobile na moja ya kampuni ya Kika kwa mchezo huo. Kwa jumla zilikuwa zimepakuliwa zaidi ya mara bilioni mbili. Cheetah Mobile ilisukuma lawama kwa vipande vya programu vya watu wengine. Mwezi uliofuata Google iliziondoa dukani CM File Manager na Kika Keyboard.

Kijana ameuliza atamdai nani. Nimemshauri aandike majina, tarehe na saa za kila anayempakulia, na asaini pamoja naye. Ameanza leo.

Alhamisi
Vocha ya mteja imeisha bila yeye kupiga simu. Amejikuta ameunganishwa na huduma ya kulipia ambayo hakuiomba. Tumemtoa. Simu ni mpya, hajapakua chochote.

Hilo nalo linawezekana. Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilitoa taarifa kuhusu simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kameruni, Misri, Ghana na Afrika Kusini, ambazo baadhi zilifika kwa wanunuzi zikiwa na virusi vya Triada na xHelper vilivyowaunganisha na huduma za kulipia. Watengenezaji, Transsion, walisema kosa lilifanywa na msambazaji mmoja kwenye mnyororo wa utengenezaji. Anayenunua simu ya bei nafuu ndiye asiyeweza kumudu kulipia hasara hiyo.

Ijumaa
Saa mbili usiku meseji imeingia kwenye simu yangu kutoka namba nisiyoijua. Imemtaja mwalimu mmoja jirani yetu kwa jina kamili, ikamwita mwizi, ikanitaka nimwambie alipe deni lake leo. Meseji hiyohiyo imefika kwa mkwe wake, kwa mkuu wake wa kazi na kwa mzazi wa mwanafunzi wake.

Alikopa kwenye programu ya simu ili kumtibu mtoto, na amechelewa kulipa. Hakatai deni. Siku anakopa, programu ilitaka ruhusa ya kuona namba zake zote, vinginevyo mkopo haupiti. Watu huita mikopo hii kausha damu, na kwa hii ya mtandaoni heshima yako ndiyo dhamana.

Tangu Mei 31, 2023 Google hairuhusu programu za mikopo binafsi kusoma namba wala picha za mkopaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 za mikopo zisizo na leseni. Kenya, Septemba 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza Mulla Pride, wenye KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za huko kwa kutumia majina na namba za watu kuwatumia meseji za vitisho. Kesi hiyo ilianzia kwa watu waliokubali kulalamika.

Jumamosi
Nimebandika karatasi mlangoni: tochi haihitaji namba za ndugu zako, angalia matumizi ya data kila wiki, mkopeshaji asiye kwenye orodha ya Benki Kuu ya wenye leseni, mwache.

Najua karatasi haitoshi. Hapo jirani Mwadui, ambako mwanajiolojia Dk. Williamson alipata almasi mwaka 1940, kila mtu anaelewa kwa nini kwenye lango la mgodi kuna upekuzi: jiwe dogo kama punje ya mtama lina mwenyewe na lina bei. Taarifa za mayu zina bei pia, ila upekuzi wake ameachiwa yeye na fundi wa kibandani. Wenye maduka ya programu huchukua fungu lao kwenye mauzo na matangazo. Wapekue wao kwanza, kabla bidhaa haijafika rafuni.

Sisi nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Mwalimu alitaka kunyamaza kwa aibu. Nimemwambia aibu si yake. Jioni tumeandika malalamiko kwa Tume, tukaambatanisha picha za meseji. Nimejiandikisha kuwa shahidi, na mkwe wake, ambaye tulimhofia kuliko wote, ameweka saini chini ya yangu.