Saa Sita na Nusu Usiku, Jumamosi Ipi?

Kuachwa na basi kwa dakika tano kunauma, lakini kuna heshima yake. Unauona moshi, unakimbia kidogo, unatukana kidogo, na watu wa stendi wanakuonea huruma. Kuachwa kwa saa 23 hakuna heshima yoyote. Mnafika Kituo cha Mabasi cha Magufuli pale Mbezi Luis, marafiki wanne, mabegi mgongoni, mfuko wa chapati na mayai ya kuchemsha mkononi, mmewahi kwa saa nzima na mnatembea kama watu wenye wikiendi yao Mombasa. Simu inatolewa, mkatisha tiketi anaonyeshwa. Anaisoma, anawatazama, anaisoma tena, halafu anamwita mwenzake naye aje asome. Mpiga debe anachungulia juu ya bega bila kualikwa na kutoa hukumu: “Poleni, mabosi. Basi lenu lishafika Mombasa, limeoshwa, na wenzenu saa hizi wamelala.” Tiketi inasema Jumamosi, na leo ni Jumamosi. Inasema 00:30, yaani saa sita na nusu usiku, na sasa hivi ni saa tano na nusu usiku. Sitasema haya yaliwakuta akina nani, kwa sababu hoja yangu haihitaji majina, na hao wanne kutoka Mbwawa, Kibaha, wameshachekwa vya kutosha. Hoja yenyewe ni kwamba wasafiri hao hawakukosea. Iliyokosea ni tiketi.

Tuanze na namba, maana ndizo zinazolaumiwa kwanza. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabu kunapokucha: kukishakucha na saa moja ikapita, ni saa moja, na wala hakuna zaidi ya hapo cha kuelewa. Kwa mtu wa nchi za baridi huo ni mzaha, kwa kuwa kwao jua la Juni na jua la Desemba huachana kwa saa kadhaa. Huku kwetu Kibaha na Kisarawe, chini ya digrii saba kusini mwa ikweta, tofauti kati ya siku jua linapowahi kuliko zote na siku linapochelewa kuliko zote haifiki saa moja kwa mwaka mzima. Jua letu ni saa ya ukutani isiyotaka betri. Waganda wanahesabu hivyohivyo kwa Kiganda, Waethiopia hivyohivyo kwa Kiamhari, na hakuna mmoja wao aliyehitaji kumwiga mwenzake. Wote waliangalia juu tu. Kuihamishia hesabu hiyo kwenye saa ya simu ni kujumlisha sita au kutoa sita, kazi ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi huifanya huku akitafuna muhogo. Wengi hudhani ajali hutokea hapo. Haitokei hapo. Kwamba 00:30 ni saa sita na nusu usiku, wale wanne walipata alama zote. Kilichowaangusha ni neno lililokaa kando ya namba, tena neno la Kiswahili kabisa: Jumamosi.

Neno hilo lina mambo. Jumamosi ni juma mosi, siku ya kwanza ukianza kuhesabu baada ya Ijumaa. Kwa hiyo kile tunachokiita mwisho wa wiki, lugha yetu yenyewe inakiita mwanzo: ya kwanza na ya pili. Mtu anayesema anakwenda kumalizia wiki Mombasa, kwa Kiswahili anakwenda kuianza. Halafu hesabu inapanda vizuri mpaka Jumatano, siku ya tano, na kesho yake inaingia Alhamisi, ambayo kwa asili yake ya Kiarabu nayo ni ya tano, kwa sababu Waarabu walianza kuhesabu Jumapili. Juma letu lina tano mbili na halina sita, na limetufikisha hapa kwa karne nyingi bila siku hata moja kupotea. (Anayedaiwa kodi ya nyumba hupoteza siku, ila hilo ni suala lingine.)

Sasa tazama usiku unavyogawanywa, maana hapa ndipo utamu ulipo. Hesabu ya kwanza ni ya wazee wa Pwani: siku huanza jua linapozama, na usiku hutangulia mchana wake. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoingia Alhamisi baada ya magharibi. Mwezi wa Ramadhani ukiandama jioni, tarawehe huswaliwa usiku uleule, na kufunga kunafuata asubuhi yake. Hesabu ya pili ni ya mazungumzo yetu ya leo: usiku hufuata mchana wake. Ukialikwa harusi Jumamosi usiku, unaoga mchana wa Jumamosi na kwenda jioni, na hata ukicheza muziki mpaka saa nane, kwako bado ni Jumamosi, na mtu akikuaga kwa “tuonane kesho” anamaanisha kukikucha. Hesabu ya tatu ni ya mashine ya tiketi, ambayo inaukata usiku katikati kama muwa, kipande hiki cha Ijumaa, kipande kile cha Jumamosi. Zile mbili za mwanzo zinagombana, lakini zote zinauacha usiku mzima, na zote hubadilisha siku palipo na jambo la kuonekana kwa macho: jua linazama au jua linachomoza. Ya tatu hubadilisha siku wakati hakuna kinachotokea. Jogoo hawiki saa sita usiku. Akiwika, watu huamka kuulizana kuna nini. Na kichekesho chenyewe, kama kinachekesha, ni kwamba hesabu ya wazee ingewapandisha basi. Mzee wa zamani akiambiwa “usiku wa Jumamosi” angekwenda stendi Ijumaa baada ya isha na kukaa kwenye siti yake. Waliachwa kwa sababu ni vijana wa kisasa.

Utauliza mbona zamani hatukusikia vilio hivi. Kwa karibu miaka 30 mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha. Ya safari ndefu yaliondoka alfajiri, saa kumi na mbili, na 06:00 haina utata kwa mtu yeyote: ni giza linaondoka, ni chai ya rangi na kitumbua, ni siku moja tu inayowezekana. Mwaka 2023 Serikali iliruhusu mabasi kutembea saa 24. Uamuzi ulikuwa mzuri, na mimi si wa kuupinga. Mfanyakazi anayetoka kazini Ijumaa jioni ndiye aliyekuwa akiusubiri. Lakini mashine zilizozoea kuandika 06:00 zikaanza kuandika 00:30 bila mtu yeyote kukaa kitako na kujiuliza abiria ataisomaje. Ongeza na kwamba stendi kuu imehama Ubungo kwenda Mbezi Luis tangu 2021, jambo lililomsogezea mtu wa Mbwawa basi lake karibu, lakini halikumwondolea ule mzunguko wa kifalsafa: unapanda bodaboda hadi barabara ya Morogoro, unarudi nyuma kwa daladala hadi Mbezi, unakaa kwenye basi la Mombasa, halafu basi linakupitisha tena Maili Moja likielekea Chalinze, ukipungia mkono mahali ulipopatia daladala. Mnyonge wetu anazunguka kiasi hicho ili afike kwa wakati kwenye siku isiyo yake.

Pingamizi la kwanza nalijua, na linatoka kwa watu wa bara: watu wa Pwani ni wazito, wangewahi wasingeachwa. Naomba ushahidi upimwe. Mtu mzito hufika saa saba kwa basi la saa sita na nusu. Hawa walifika saa tano na nusu. Kwa saa yao waliwahi dakika 60, jambo ambalo wapanda mabasi wengi wa bara hawajalifanya tangu wazaliwe. Pingamizi la pili lina akili zaidi: tarehe iliandikwa, wangesoma tarehe. Walisoma. Tarehe nayo ina usiku wake, na mtu wa kawaida akiambiwa tarehe 14 usiku hatoki nyumbani tarehe 13. Namba ya tarehe haiondoi utata, inaurudia tu kwa sauti ya juu. Pingamizi la tatu ndilo hunichosha: acheni saa ya jua, mfuate saa ya dunia. Hiyo dunia yenyewe inaikimbia dakika hiyo. Mikataba mingi ya bima Marekani huanza saa sita na dakika moja usiku, isije ikagombewa siku, na kwingineko ratiba za safari hupenda kuandika 23:59 kuliko kugusa 00:00. Wenye saa yao wanapita pembeni ya shimo. Sisi tumeuziwa tiketi ya kuingia ndani yake, halafu tunaambiwa hatuna elimu.

Atatokea wa nne aseme kwamba safari ya nje ina mikasa mingi, iweje niung’ang’anie mmoja. Ni kweli ipo. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo wikiendi inayoamuliwa Jumatano kijiweni imeshaharibika kabla hata ya kukata tiketi. Shilingi ya Kenya ina jina la shilingi yetu na thamani ya zaidi ya kumi za kwetu, na chai ya bei chee ya Mombasa huacha kuwa chee ukipiga hesabu. Anayevukia Rusumo kwenda Kigali hupewa saa moja ya bure mpakani na kunyang’anywa upande wa barabara, kwa kuwa Rwanda magari hupita kulia. Lakini mikasa yote hiyo ina sharti moja, kwamba uwe umeondoka.

Na dawa haihitaji teknolojia wala mkopo. Kiswahili kina maneno ya kutatua jambo hili, yanatumika kila siku, na ni matatu tu: usiku wa kuamkia. Kamanda wa polisi akieleza wizi wa mifugo husema ulitokea saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi, na hakuna mwandishi wa habari anayenyanyua mkono kuuliza Jumamosi ipi. Tangazo la msiba redioni husema hivyohivyo, na waombolezaji wote hufika siku moja. Marehemu anajulikana alifariki usiku gani. Abiria aliyelipa nauli hajulikani anasafiri usiku gani. Wenye mabasi watasema mashine hainunuliwi na maneno, inakuja na namba zake. Hapo ndipo nacheka kwa uchungu, kwa sababu chini ya tiketi nyingi mashine hiyohiyo imefundishwa Kiswahili fasaha, tena kwa herufi nene: nauli hairudishwi. Lugha imepatikana ilipotakiwa kukataa. Ilipotakiwa kueleza, ilikosekana. Mwaka 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na tangu hapo tunakutana kwenye kumbi kila mwaka kusifu lugha yenye utajiri wa kueleza kila kitu. Nauli ya watu wanne kwenda Mombasa na kurudi si fedha ndogo Mbwawa. Ni magunia ya mkaa, ni korosho za msimu, ni michango ya miezi ya kikundi chao. Imekwenda kwa sababu ya maneno matatu ambayo hayakuchapishwa, na hakuna dirisha stendi pale la kwenda kulalamikia maneno yaliyokosekana.

Tiketi ya kurudi, kwa wanaotaka kujua, haikuwa na tatizo. Ilisema Jumapili, 20:00, saa mbili usiku, na kijana yeyote wa leo angeisoma sawasawa. Basi likaondoka Mombasa kwa wakati wake, likavuka Likoni, likagongewa mihuri Horohoro, likashuka Segera na Chalinze usiku kucha. Jumatatu alfajiri likapita Maili Moja na viti vinne vitupu, viwili vya dirishani, vyote vimelipiwa.