Kiwanda Kimehamia Dirishani Kwangu

Wenye viwanda wana tabia mbaya: wanafunga bila kuniuliza. Wanaketi Nairobi, wanakunywa chai, wanapiga hesabu, kisha wanawatangazia wenye hisa. Mimi sina hisa. Nina redio ya betri nne na tochi ya bati ya betri tatu, na hakuna aliyekumbuka kututangazia sisi watatu.

Nasema juu ya kiwanda cha betri cha Eveready, Nakuru. Kilifungwa 2014, na sababu tuliambiwa: betri za bei ya chini kutoka ng'ambo na za bandia zilizojaa sokoni. Mwaka huohuo Cadbury nao wakafunga kiwanda chao cha Nairobi, lakini hao sikuwanunia, maana redio haili chokoleti. Tukatulizwa kwamba betri hazitapungua, zitakuwa zikiletwa kutoka Misri. Hebu fikiria. Maji ya ziwa letu hili yanateremka na Nile mpaka Misri, hakuna anayelipa hata shilingi. Betri ndizo zinazopanda kuja huku kwa pesa.

Vijana wa kisiwa chetu cha Rusinga hawanielewi. "Jaduong', mzee wetu, si ununue ya kuchaji?" Niichaji na nini? Nyaya za stima zipo, lakini upepo wa ziwani ukivuma kidogo tu tunalala gizani. Wanaonitolea mfano wa wavuvi wa omena nawajua. Zamani mvuvi wa omena alitoka usiku usio na mwezi na karabai zake, akarudi alfajiri ananuka mafuta ya taa. Mwaka 2008 Osram ya Ujerumani ikafungua kituo Mbita cha kuchaji taa kwa nguvu za jua, na leo usiku ukitazama ziwa unaona taa nyeupe za betri. Vizuri sana. Lakini Osram wenyewe wakaja kuuza biashara yao ya balbu kwa Wachina. Kila ninapotaka kumzoea mtengenezaji mmoja, anauza.

Basi nimebaki na dirisha. Dirisha langu la upande wa mashariki limepangwa betri tangu saa moja asubuhi, vichwa juu, zinaota jua. Wasomi wanacheka, lakini waulizeni walimu wao wa kemia. Betri kavu ni mkebe wa zinki, kijiti cha kaboni katikati, na unga mweusi wenye manganizi uliobanwa kati yao. Ikipumzika na kupata joto, dawa iliyobaki inachangamka kidogo. Haijajaa, imeamka tu. Inatosha taarifa ya habari ya saa moja jioni, ila matangazo ya vifo huishia katikati, ukabaki hujui ni nani unayetakiwa kumzika.

Dirisha likishindwa, kuna meno. Ukiibana betri mpaka ikabonyea, ule unga unashikana na umeme unapita afadhali. Mama watoto anasema nitapoteza meno kabla ya redio kupoteza sauti. Na betri ikifa kabisa bado hatuitupi hovyo: unga wake mweusi ndio uliopaka mbao za shule nyingi nchini. Nimefundishwa hesabu juu ya maiti za betri.

Usiniambie ningeweka akiba. Jirani yangu alijaza sanduku zima. Betri kavu haina subira. Hata isipotumiwa, zinki inaliwa polepole. Alipofungua, alikuta zimetoa maji na kuunguza suti aliyokuwa akiitunza humo kwa harusi ya mwanawe.

Mpwa wangu aliyeko Marekani ananiambia nisijihurumie, wapo wenzangu. Kule kuna watu wanaookota maganda ya risasi zao wenyewe, na kuyajaza upya nyumbani kwa baruti na kichwa kipya. Machi 2024 kiwanda cha bunduki cha Remington kilichoko Ilion, New York, kilifungwa baada ya karibu karne mbili. Mfanyakazi mwenzake mpwa wangu akachanganyikiwa, akidhani risasi nazo zitaadimika, akaanza kurundika baruti. Kumbe bunduki na risasi za jina hilo zilitenganishwa tangu 2020, zikauzwa kwa wamiliki tofauti, na risasi hutengenezwa Arkansas. Nilimhurumia bwana yule kama ndugu. Huku Homa Bay ukikutwa unajaza maganda ya risasi, utawaeleza polisi. Lakini ugonjwa wetu ni mmoja.

Ugonjwa wenyewe ni huu: kiwanda hakifungwi, kinahamishiwa kwa mnunuzi. Kazi ya Nakuru naifanya mimi. Naanika, nabana, napanga zilizochoka na zenye nafuu, nakata bati la kopo kuziba pengo kwenye tochi. Mimi ni fundi, mkaguzi wa ubora na mlinzi wa usiku. Tofauti ni kwamba wafanyakazi wa Nakuru walikuwa na mshahara.

Kisiwani huku ndiko alikozikwa Tom Mboya, aliyewapigania wafanyakazi nchi nzima akiwa katibu mkuu wa Kenya Federation of Labour. Siwezi kumwaibisha. Nimemwambia mama watoto naanzisha chama, nadai likizo na marupurupu.

"Kwa nani?" akauliza.

Nikasema mwajiri tutamtafuta baadaye.

"Basi mgomo uanze leo," akasema, "na hizo betri ziondoke dirishani, nataka kuanika pazia."