Vigoda vya Kigombe

Kigombe, katikati ya Tanga na Pangani, palikuwa na baraza la wanyama chini ya mkoko mkubwa. Kila kijito kilikuwa na mjumbe wake, na kila mjumbe alikuwa dume: Jogoo mwenyekiti, Kunguru wa bandarini, Beberu wa Tongoni, Ngedere wa mashamba ya mkonge. Majike walikuwa wengi kuliko madume, lakini siku ya baraza kazi yao ilikuwa kupika na kupiga vigelegele.

Malalamiko yalipozidi, Jogoo akaagiza vigoda vipangwe pembeni mwa mkeka. "Hivi ni vyenu, mama zetu." Majina ya wa kuvikalia akayapanga yeye na wenzake. Mama Mtetea akapata kimoja, na siku ile ilikuwa njema kwelikweli: hakuna jike aliyewahi kusikika barazani kabla yake.

Kisha kisima kikaingia chumvi. Mtetea ndiye aliyegundua, maana ndiye aliyekwenda kisimani kila alfajiri na vifaranga wake. Akasimama, akaeleza maji yalianza kubadilika lini na ni watoto wa nani wanaoharisha. Kunguru akamkata kauli: "Kisima kiko kijitoni kwangu, dada. Kijito chako wewe kiko wapi?" Mfuko wa maendeleo nao ulikuwa wa wenye vijito. Mtetea akakaa, na kisima kikabaki na chumvi yake.

Mkasa wa Kakakuona ulikuwa mzito zaidi. Ukoo wake ni mdogo, unaishi msituni, hauna kijito. Kila mwaka mpya aliletwa kwa ngoma, akawekewa maji, mtama na panga, wanyama wasome kama mwaka ni wa mvua, wa shibe au wa vita. Akishachagua, alirudishwa alikotoka. Safari moja akaomba nafasi: "Mwenyekiti, msitu wetu unakatwa." Jogoo akamjibu, "Mzee wangu, wewe tabiri tu." Jibu hilo linaniuma kuliko la Kunguru. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi nao wanajulikana zaidi kwa picha za watalii kuliko kwa neno lao bungeni, na nchi inayowaita watu wake wapigwe picha tu inawadhulumu.

Usiku mmoja Bibi Kasa alipanda pwani kutaga. Zamani alitaga kisiwani Maziwe, kabla bahari haijakila kikabaki fungu la mchanga. Majike wakamzunguka.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mbona mmenuna?"

Wakamsimulia. Kasa, aliyezoea kusikiliza redio za wavuvi chini ya ngalawa, akawaambia ya wanadamu. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alikabidhiwa kitengo cha wanawake cha TANU, na wanawake wakajiunga kwa maelfu. Leo Katiba inawatengea wanawake viti maalum bungeni visivyopungua asilimia 30 ya wabunge wengine, na vyama hugawana viti hivyo kwa kura vilizopata. Baada ya uchaguzi wa 2020 vilikuwa 113. Katika majimbo 264, wanawake walioshinda hawakufika hata 30. Na Waziri Mkuu, Katiba inataka awe mbunge wa jimbo.

"Kwa hiyo tuvikatae vigoda?" akauliza Mtetea.

"Sikusema hivyo, mwanangu. Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi mwaka 2000 kwa kiti maalum, 2010 akashinda jimbo la Makunduchi, 2021 akawa Rais. Ummy Mwalimu naye alipitia viti maalum, na 2020 akalichukua jimbo la Tanga Mjini. Kigoda ni ngazi. Ukikaa juu ya ngazi, wa chini yako watapandaje?"

Asubuhi Mtetea akarudisha kigoda na kuchukua fomu ya kijito cha Kunguru. Hapo ndipo alipoujua ukubwa wa kazi. Kura za maoni zilikuwa mikononi mwa wajumbe wachache, na Kunguru aliwapitia usiku na dagaa. Mtetea hakuwa na dagaa. Wajumbe waliulizana mayai atayaatamia nani, swali ambalo Jogoo hajaulizwa maisha yake yote. Mzee mmoja akamtumia ujumbe waonane faragha, jina lake lipite. Mtetea akausoma ujumbe ule barazani, jua la saa sita, mbele ya wote.

Akashindwa kwa kura chache. Waliomnyima walikuwa wajumbe, na si wachota maji. Wachota maji hawakuwa na kura siku ile. Msimu mzima akawapitia nyumba kwa nyumba, wakadai kura za maoni zipigwe na kijito kizima.

Mwaka ukaanza, ngoma zikalia, Kakakuona akaletwa. Akayapita maji, mtama na panga, akaenda moja kwa moja kwa karani kuomba fomu.

"Huna kijito, mzee."

"Ndicho nilichokuja kudai."

Mama Mtetea, aliyekuwa mbele yake akichukua fomu kwa mara ya pili, akageuka. "Wadhamini umeshapata? Niandike mimi wa kwanza."