Mtu Mzima wa Pili

Katika vikosi vya wavulana vya kanisa kuna kanuni moja iliyonimalizia Jumamosi zangu. Inasema mlezi asikae na watoto peke yake. Lazima wawepo watu wazima wawili. Kanuni yenyewe ni nzuri na aliyeitunga namheshimu, maana dunia hii ina watu na viatu. Taabu ni kwamba haisemi huyo wa pili awe mtu wa namna gani. Si lazima ajue kufunga fundo. Si lazima ajue kaskazini iko wapi. Anatakiwa awe na kitambulisho na awe anapumua. Mimi vyote viwili ninavyo, na namba ya kitambulisho changu mke wangu ameihifadhi kichwani. Fomu ilipoletwa nyumbani nilikuwa bafuni. Nilipotoka, nilikuwa mtu mzima wa pili.

Wa kulaumiwa ni Mskoti mmoja, William Alexander Smith. Wavulana wake wa shule ya Jumapili kule Glasgow walikuwa wamemshinda kwa kelele, na badala ya kuwafukuza, kama ambavyo wazee wa kanisa ninaowafahamu wangefanya, tarehe 4 Oktoba 1883 akawaanzishia Boys' Brigade. Alikuwa afisa katika jeshi la kujitolea, basi akawapa kofia, mkanda na mkoba, akawapanga mstari na kuwafundisha gwaride. Kila ninaposikia "mguu sawa!" saa kumi na mbili asubuhi, huyo ndiye ninayemkumbuka. Alianza na wavulana 59. Lakini hapa naomba msomaji anisikilize vizuri: Smith hakuwa peke yake. Alikuwa na ndugu wawili wa jina la Hill wa kumsaidia. Yaani siku ya kwanza kabisa walikuwepo mtu mzima wa pili na wa tatu. Wa tatu! Imepita miaka zaidi ya 140, nasi huku kwetu huyo wa tatu bado tunamsikia tu.

Nimejaribu kujitetea kwamba kulala porini kwa hiari ni mambo ya Wazungu. Haikusaidia. Mwanangu amesoma kwamba Baden-Powell, alipofanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea mwaka 1907, baadhi ya wavulana aliwatoa Boys' Brigade, na kwamba mzee huyo alikuja kumalizia maisha yake Nyeri, akafa huko Januari 1941, na kaburi lake liko huko huko. "Nyeri si ni kwa guka?" akaniuliza, yaani kwa babu yake. Nikanyamaza. Ukishapewa hoja ya guka huna pa kutokea.

Kikosi cha kanisani kwetu ni cha ukoo huo. Beji yetu ina nanga, ile ya Waebrania 6:19, ingawa sisi tuko Limuru, ambako maji mengi kuliko yote ni ya ukungu. Kapteni wetu ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Hajaoa, hana mtoto, na nadhani ndiyo sababu ana subira ya ajabu na watoto wa watu. Ananiita "Mzee wetu". Mwanzoni nilidhani ni heshima. Baadaye niligundua kwamba kila akiniita hivyo kuna sufuria la kubebwa.

Ukitaka kuwajua akina baba Wakristo, simama langoni kwetu Jumamosi saa mbili asubuhi. Gari linakuja, wala halizimwi. Mlango wa nyuma unafunguka, mvulana anateremka na begi lake, mlango unafungwa. Baba hashuki, maana akishuka atasalimiwa, na akisalimiwa ataombwa. Anateremsha kioo kiasi cha kupitisha sauti tu, anasema, "Kapteni, Mungu akubariki sana," na gari limeshaingia barabarani. Kapteni wetu amebarikiwa kupitia vioo hivyo mpaka nashangaa kwa nini hajawa askofu.

Halafu kuna Baba wa M-Pesa. Huyu ndiye bingwa. Jumatano Kapteni anaandika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: "Bwana asifiwe wapendwa, tunaomba wazazi wawili au watatu wa kuandamana na vijana kambini." Kimya. Alama zinageuka bluu, kila mtu amesoma, hakuna anayepumua. Mmoja anatuma picha ya mstari wa Biblia. Mwingine anauliza kama kuna anayemjua fundi mzuri wa mabomba. Siku ya pili anajitokeza shujaa: "Kapteni, wikendi hiyo niko Machakos kikazi. Weka namba nitume kitu kidogo." Basi ni kama amefungua mfereji. Mia tano, elfu moja, mwingine elfu mbili pamoja na ya kutoa. Wote wako kikazi. Machakos wikendi hiyo lazima watu wanalala wamesimama. Kwa sababu hiyo kambi zetu hazijui njaa: tuna mchele wa pishori, soseji, hata mbuzi. Hela ya kumnunua mbuzi ilipatikana ndani ya saa moja. Mtu wa kumshika mbuzi miguu ndiye hakupatikana, ikabidi aitwe Mzee wetu.

Akina mama wangekuja, tena kwa wingi, lakini sisi wenyewe tulisimama kikaoni tukasema wavulana wanahitaji kuwaona wanaume. Wakakubali, wakakaa. Sasa wavulana wanamwona Kapteni, wananiona mimi, na wanauona mkono wa Baba wa M-Pesa ukipandisha kioo. Jirani yangu Msabato hunicheka. Kanisa lao lina Watafuta Njia tangu 1950, wavulana kwa wasichana pamoja, na Jumapili mke na mume hutoka nyumbani wote wawili na skafu shingoni. Mimi nikitoka na skafu, majirani huniuliza kama nina homa.

Safari yetu ya Longonot sitaieleza. Ule mlima una mita 2,776, na vumbi lake, kwa hesabu yangu, nililimeza nusu. Nitaeleza Kereita.

Kereita ni msitu ulio juu ya Kimende, upande wa kusini wa milima ya Nyandarua, na mtu mwenye akili timamu haendi kulala huko mwezi wa Agosti. Sisi tulikwenda, kwa kuwa ndiyo likizo. Baridi ya pale haikupigi hodi. Wavulana walisimamisha hema zao, wakawasha moto kwa njiti moja ya kiberiti huku kuni zikiwa mbichi, wakainjika githeri. Mimi nilipewa kazi inayonifaa: kushika tochi. Kanuni ile ile inasema usiku mvulana haendi chooni peke yake. Wanakwenda wawili wawili, na mtu mzima anasimama mbali kidogo akiwamulikia njia. Wavulana wa umri ule wakishakunywa chai ya saa tatu, saa nne ni zamu ya hema la kwanza, saa tano la pili, saa sita wa kwanza wamerudi tena. Nilisimama pale na blanketi mabegani, soksi mbilimbili, tochi mkononi, meno yakigongana.

Ndipo kitu kikalia juu ya mti. Kilianza kwa kukwaruza, kama mlango mbovu wa duka, kikapanda, kikapanda zaidi, mpaka kikawa kelele za mtu anayechinjwa. Zaburi ninazozijua nilizisoma zote kwa mkupuo, na nyingine nadhani nilizitunga mwenyewe. Vijana wawili wakatoka chooni wakivuta suruali, wamestarehe kabisa.

"Ni perere, anko," mmoja akaniambia. "Ni mdogo tu, kama sungura. Anaita wenzake."

Wana beji ya wanyama hao. Mimi sina.

Kijana yule aliyenielimisha ni mtoto wa Baba wa M-Pesa mwenyewe. Tukatembea pamoja kurudi hemani, na njiani akaniuliza kwa sauti ya chini, ile ya mtoto aliyefundishwa adabu:

"Anko, ulifutwa kazi?"

Nikamwambia sijafutwa, ninayo kazi, tena Jumatatu nina mkutano asubuhi. Akafikiri kidogo. Tochi ilikuwa inamulika raba zake, mpya, za bei, zilizotumiwa hela kutoka Machakos.

"Sasa mbona umekuja?"

Nimekaa na swali hilo tangu Agosti. Mtoto hakunidharau; alikuwa amepiga hesabu tu. Kwa anavyoona yeye, baba mwenye kazi hutuma, na baba aliyekuja ni yule asiyekuwa na cha kutuma. Nilitaka kumpa jibu la maana kuhusu baba na mwana, lakini hema la tatu lilikuwa limeshafunguka zipu na mtu ananong'ona, "Tochi! Tochi!"

Asubuhi yake, wakati wa gwaride, kijana huyo alikuja kusimama karibu nami, akanionyesha namna ya kukaza mkanda usipande kifuani. Hakusema kitu kingine. Mwanangu alituangalia, akasogea akasimama upande wa pili, na mkono wake akauweka kwenye mkanda wangu, ili ieleweke mzee huyu ni wa nani.

Kwa hiyo natumia ukurasa huu kutangaza nafasi ya kazi. Anatafutwa mtu mzima wa tatu. Awe na kitambulisho. Awe na blanketi lake, maana langu silitoi. Asiogope perere, atakayeniambia perere ni mnyama gani kabla hajafika atapewa hema lililo mbali na choo. Kufunga mafundo si lazima, watoto watamfundisha, tena bila kumcheka sana. Kama ana mwana kikosini, nafasi ni yake kabla ya wengine wote. Kambi ijayo ni likizo ya Desemba, tunaondoka langoni saa mbili asubuhi, na safari hii gari litazimwa.

Namba ya M-Pesa haitatolewa.