Kila Kitu Kimo

Siku niliyokabidhiwa funguo za fleti yangu, jambo la kwanza nililofanya kama mwenye mali ni kwenda chooni. Nilikwenda kwa madaha, mlango nikauacha wazi maana nyumba ni yangu, nikaketi, kisha nikaruka kama mtu aliyekalia siafu. Kikalio hakikuwapo. Kilichobaki ni bakuli la kauri, baridi kama moyo wa mdai, na matundu mawili ya skrubu. Wiki tatu kabla yake nilikiona kwa macho yangu mawili: kikalio cha mbao, kizito, rangi ya damu ya mzee. Sasa mzee mwenyewe kaondoka nacho.

Nikampigia dalali.

"Bosi, si ulisema umeridhika?"

"Niliridhika kikalio kikiwapo."

"Ah, bosi, hicho si kitu kidogo tu!"

Kidogo kweli. Lakini hasara nyingine zote mtu anaweza kukaa nazo. Ya kikalio haikaliki.

Nieleze nilivyofika hapo. Mimi na mama watoto tulikuwa wapangaji kwa miaka kumi na minne, na kila mwenye nyumba tuliyempata alikuwa na binti anayeolewa mwezi ule ule kodi yetu inapokwisha. Mwishowe tukauza kiwanja cha Chanika, tukakopa kwenye chama cha akiba na mikopo, tukamtafuta dalali. Akatuleta Kijitonyama, ghorofa ya tatu. "Hapa umelamba dume, bosi. Ukisimama kibarazani unaiona bahari." Nilisimama kibarazani. Kwa mbali kweli kulikuwa na kitu cha bluu kinachopepea. Lilikuwa turubai la gereji.

Lakini ndani, ndugu yangu! Kiyoyozi kinaguguma taratibu. Taa za sebuleni zimening'inia kama embe dodo. Bafuni kuna hita ya maji, madirishani mapazia mazito mpaka chini. Mwenye nyumba, mzee mstaafu anayerudi kwao Tanga, alitukaribisha kahawa na kashata, akatusimulia maisha yake tangu alipoajiriwa. Alipomaliza alizungusha mkono hewani, akasema kwa sauti ya mtu anayegawa urithi: "Wanangu, kila kitu kimo."

Mama watoto, ambaye hanunui samaki bila kumfunua mashavu, aliuliza kwa adabu: "Kila kitu kipi, mzee?" Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Mtu mzima amekukaribisha kahawa, kashata zake umezila, halafu uanze kumhoji habari za glopu? Aibu hiyo ya dakika moja nimekuja kuilipia kwa mafungu.

Watu huonyana wasiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mimi mbuzi nilimwona, nikamshika sikio, nikanywa na kahawa mbele yake. Siku ya makabidhiano ndipo nikapewa gunia.

Turudi kwenye siku yenyewe. Jua lilipozama nilibonyeza swichi ya sebuleni, kimya. Sisi wa Dar es Salaam taa isipowaka hatuna haja ya kufikiri, tunajua umeme umekatika. Nikatoka kibarazani kulalamika na majirani, nikakuta nyumba zote zinang'ara na watu wanaangalia tamthilia. Basi LUKU imekwisha. Nikanunua umeme wa shilingi 20,000, nikaingiza tarakimu zote 20 kwenye mita kwa mwanga wa simu, nikabonyeza tena. Giza. Ndipo nikainua tochi ya simu juu. Hapakuwa na glopu wala holda. Palikuwa na nyaya mbili zimefungwa plasta nyeusi vizuri, kama kidole cha mtoto kilichojikata.

Nikazunguka nyumba nzima na ile tochi kama polisi wa doria. Kiyoyozi hakipo, mahali pake pana tundu la ukubwa wa ngumi linalotokeza nje, na mbu walikuwa wakilitumia kama geti. Hita haipo. Mapazia hayapo, na vyuma vyake vimekwenda navyo. Makabati ya jikoni yapo lakini milango yake imeng'olewa, yametoa macho kama watu waliofumaniwa. Kitufe cha kengele ya mlango kipo. Kengele haipo.

Nakiri kwamba kazi ilifanywa na fundi haswa. Hakuacha mkwaruzo hata mmoja. Na kesho yake nilipouliza pale mtaani fundi mzuri wa kunifungia vitu vipya, kila mtu alinielekeza kwa mmoja, aliyekuja bila hata futi ya kupimia. Vipimo vya matundu yote alikuwa navyo kichwani. "Pale chumbani, kaka, ukuta ni mgumu," aliniambia, "juzi ulinisumbua sana."

Nikaenda kwa wakili. Mtu mwenye akili huenda kwa wakili kabla. Mimi nilikwenda kama mtu anayempeleka maiti hospitali. Alinisikiliza, akavua miwani, akaniambia kuna kanuni ya zamani tuliyoirithi kwenye mahakama za Kiingereza: kilichoshikizwa kwenye ardhi ni cha ardhi. Sheria ya Ardhi ya 1999 yenyewe, inapoeleza ardhi ni nini, inataja vitu viotavyo juu yake na majengo yaliyoshikamana nayo moja kwa moja. Nikafurahi. Kumbe kiyoyozi ni ardhi!

"Taratibu," akasema. Mahakama hutazama kitu kimeshikizwa kwa namna gani, na kwa lengo gani. Sinki lililojengewa, hilo linabaki. Kiyoyozi kilichofungwa kwa skrubu nne, hapo mawakili wawili wanaweza kusomesha watoto wao. Njia fupi ni mkataba. "Mkataba wako unasemaje?"

Nikamsomea: fleti ya ghorofa ya tatu, pamoja na haki zake zote.

"Kiyoyozi si haki?" nikauliza.

"Hapana," akasema, "ni kiyoyozi."

Jioni hiyo nilimpigia shemeji yangu aliyeko Leicester ili anipe pole. Alicheka mpaka simu ikakata. Uingereza, anasema, muuzaji hujaza fomu ndefu, kitu kimoja kimoja: kipi kinabaki, kipi kinaondoka, kipi kinauzwa kando na kwa bei gani. Kengele ya mlango ina mstari wake. Kamba ya kuanikia nguo ina mstari wake. Mimea ya bustanini pia. Na muuzaji akiondoa taa yake ya urembo, inatarajiwa aache holda na glopu ili mgeni asiingie gizani. Miaka yote nimekuwa nikiona Waingereza ni watu wa kuhesabiana vijiko. Usiku ule, nikipigana na mbu, niliona ni watu wenye huruma. Mwenzangu mmoja kazini aliyesoma Ujerumani ndiye aliyenipa faraja ya kweli. Huko alipanga fleti, akafungua mlango wa jikoni, akakuta kuta nne na bomba: mpangaji aliyetangulia amehama na jiko zima, makabati na sinki, na wenyeji hawaoni ajabu. Mzee wangu angalau aliniachia sinki.

Nilidhani hesabu ya hasara imefungwa. Siku ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi, mlango ukagongwa (kengele, kumbuka, haipo). Alikuwa katibu wa umoja wa wamiliki, na daftari kubwa kwapani. Alinikaribisha jengoni kwa maneno mazuri, kisha akafungua ukurasa. Fleti yangu inadaiwa ada ya miezi kumi na moja: mlinzi, taka, usafi wa ngazi, matengenezo ya pampu.

"Miezi kumi na moja? Nina siku tatu hapa!"

"Hatukudai wewe, ndugu. Inadaiwa fleti."

Hapo ndipo nilipomwelewa mzee. Kila kitu kimo. Hata deni limo.

Katibu, kumbe mwalimu mstaafu, alinipa darasa pale pale mlangoni, mimi na kikoi changu. Tangu sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, mtu anaweza kuwa na hati ya fleti yake peke yake. Lakini anayenunua fleti hanunui chumba na sebule tu, ananunua pia fungu lake katika ngazi, paa, tenki na ukuta wa nje, na anaingia kwenye umoja wa kuvitunza. "Kwa hiyo paa ni langu?" "Fungu lako." "Na pale ninapoegesha gari?" Akafunua kurasa. Pale, akasema, ni pa dada wa ghorofa ya kwanza. Mzee alikuwa akipaazima. Nikikumbuka nilivyolionyesha lile eneo kwa shemeji kwa video, nikisema "na hapa ndipo gari linapolala", nasikia jasho.

LUKU nayo ikawa na yake. Ule umeme wa 20,000 uliingia pungufu, kwa sababu tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa humo humo unaponunua umeme, na nyumba ikikaa bila kununua, miezi inajipanga foleni kumngoja mnunuzi. Hiyo sawa, ni kodi. Lakini ulibaki umeme mchache, nao ukaisha kwa siku mbili wakati nyumba nzima ina glopu tatu na friji. Nikamwita yule fundi. Akazima swichi kubwa ya kwangu, akaniambia, "Sikiliza." Nikasikia watu wakilaani gizani kwenye ngazi. Akaongeza: "Na pampu ya maji imesimama." Mita yangu ndiyo iliyokuwa ikiwasha taa za ngazi kuanzia chini mpaka juu na kuwapandishia majirani maji. Mzee aliwahi kuwa mwenyekiti wa umoja, akakubali umeme upite kwake kwa muda, na ule muda haukuwahi kwisha. Nilikuwa mfadhili wa jengo bila kujijua, na bado nadaiwa ada.

Tangu siku hizo mama watoto amekuwa mtaalamu. Jirani yetu wa zamani aliponunua fleti Tabata, alimfuata na daftari na kalamu mbili. Aliandika: glopu 9, zinawaka 7. Alifungua mabomba yote kwa pamoja, akavuta maji chooni, akaomba kuona risiti ya mwisho ya ada, akataka kuonyeshwa maegesho kwenye hati na si kwa kidole. Alizima swichi kubwa, akatoka kwenda kutazama ngazi. Kisha akamwomba muuzaji asaini kila ukurasa, na orodha ikabandikwa kwenye mkataba. Muuzaji alipomwambia, "Mama, kila kitu kimo," aliinua kalamu akasema, "Haya, nitajie. Naandika."

Kwetu limebaki jambo moja, nalo ni kabati. Limo chumbani: la mninga, futi nane kwenda juu, milango mitatu na kioo. Ni kitu pekee ambacho mzee alitamka waziwazi kwamba hauzi. Lilikuwa la marehemu mkewe. Ametuma gari kutoka Tanga mara mbili. Mara ya kwanza wapagazi walilipima na mlango wa chumba, wakakuna vichwa. Mara ya pili waliliinamisha, wakalilaza, wakaling'ang'aniza, wakachuna rangi ya ukuta wangu, wakalirudisha lilipotoka. Halitoki. Lilitengenezewa humo humo chumbani zamani, na gundi ya wakati ule haikuwa ya mchezo. Nimemrudia wakili na swali hilo. Kiyoyozi kilichotobolewa ukutani kilibebeka kwenda Tanga. Kabati ambalo halikushikizwa popote halibebeki. Sasa la nani? Alivua miwani, akaifuta, akasema atanipigia.

Wiki iliyopita mzee amepiga simu mwenyewe. "Mwanangu, nimewaza. Basi lile kabati nikuuzie." Anataka shilingi 800,000. Nilitaka kukubali, maana nguo zetu zimo humo tayari. Mama watoto akaninyang'anya simu, akamsalimu vizuri, shikamoo na habari za Tanga, kisha akamwambia habari ya kabati tutaizungumza akisharudisha kikalio cha choo.

Mzee amesema atafikiria.