Daktari wa Madabodi

Laptopu ikigoma kuwaka Isongole, kuna njia mbili: kuipeleka kwa fundi Tunduma au Mbeya, au kufungua video kwenye simu na kuhitimu ufundi kabla chai haijapoa. Mwenzetu alichagua kuhitimu. Nauli ikabaki mfukoni, hongera zake.

Video ikamwelekeza kwenye chipu ya BIOS. Kwa kawaida ina miguu minane, ni ndogo kuliko punje ya mahindi, na bila maelekezo yaliyomo humo mashine haijui hata pa kuanzia. Nyingine hutumia volti 3.3, nyingine 1.8. Kile kifaa cheusi cha bei poa cha kusomea na kuandikia chipu, CH341A, mara nyingi hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data. Hayo yameandikwa, lakini msomi wa video ana haja gani ya kusoma?

Akaing'oa chipu kwa kifaa cha kulehemu anachotengenezea redio. Ikatoka, tena haikutoka peke yake: ilibeba na vipande vya shaba ilivyokalia. Nakala ya data ya awali, yenye namba ya mashine, hakuihifadhi.

Sasa fundi yuleyule aliyekwepwa ameinamia hadubini, anakwangua rangi ya kijani kwa ncha ya kisu autafute mkondo wa shaba uliokatika, aulazie uzi wa waya mwembamba kama unywele. Bei ya kazi hiyo haina undugu na ile nauli.

Alipoulizwa nani aliyeifungua, mwenzetu hakupepesa jicho: "Ilidondoka tu, fundi." Skrubu zilizobaki alizileta kwenye kifuko, kwa uaminifu kabisa.